Masikio ya Mama Safari

Mnyambe, Newala
13 Aprili 1992

Mdogo wangu Leonia,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia kwa mkono wa kondakta, na chumvi pia. Huku wazima, ila mvua zimekata mapema na foleni ya maji imeanza tena.

Nakuandikia wewe kwa sababu ni mwanamke mwenzangu na umechezwa unyago. Ukimaliza kusoma, barua hii itie jikoni iungue. Bibi Shakila, kungwi wetu, amekubali. Ameniimbia nyimbo za unyago zote, mpaka ule wa kumtoa mwali nje ambao makungwi wengine wanaujua nusu, na nimezinasa kwenye kanda. Kifua chake unakijua, akiimba mstari mmoja anakohoa miwili. Anasema mwaka huu hatasimama. Nijifunze mimi, mwezi wa saba shule zikiwa zimefungwa nisimame mahali pake.

Unajua kilichomlainisha? Nilimvalisha yale masikio yangu makubwa ya redio, niliyoachiwa na yule mama Mwingereza wa kwaya hapo kwenu Lulindi alipokuwa anarudi kwao. Akajisikia mwenyewe. Alipoyavua akasema, "Hiki kitu kinanong'ona." Basi akatoa sharti. Sauti yake isitoke hewani hata mara moja. Iingie sikioni kwa mtu mmoja mmoja, kama yeye alivyonong'onezwa na bibi yake. Mwanamume akiisikia, hata kwa bahati mbaya, kanda anazivunja na mimi sisimami popote.

Sasa shida. Jana, Jumapili ya Matawi, sikio la kushoto limekufa. La kulia linakatakata. Unayajua yalivyo, ngozi imebanduka, nimeyashonea khanga na kuyafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, lakini nayapenda na hayajawahi kunidanganya. Itabidi nipate mengine. Shemeji Dastani ana duka la redio Masasi, na tangu biashara zifunguliwe haishi safari za Dar es Salaam. Nitamwandikia. Ila ni mwanamume, na mdomo wake unaujua, kwa hiyo sababu sitamwambia.

Dada yako,
Severina


Mnyambe
15 Aprili 1992

Shemeji Baba Isabela,

Marahaba. Kaka yako Bartholomayo mzima, mama mkwe mzima, korosho zinangoja dawa ya salfa.

Nina shida moja. Masikio yangu yamenichosha. La kushoto limekufa kabisa tangu Jumapili ya Matawi, la kulia linakatakata, mpaka niliminye ndipo lisikie. Newala nimeyapeleka, wameyachungulia wakasema umri wake umekwisha, hayatengenezeki. Wewe unafika Dar es Salaam, huko hakukosi kitu. Nisaidie mapema, maana kazi iliyo mbele yangu ni ya kusikia tupu. Na usimweleze mtu.

Severina


Masasi
24 Aprili 1992

Shemeji Mama Safari,

Shikamoo. Barua yako imenikata maini. Aliyekuambia hayatengenezeki ni daktari au mganga? Huko Newala wasikuharakishe. Kwenye kifurushi kuna dawa ya matone, matone matatu asubuhi na matatu jioni, ulale ubavu mpaka iingie. Pamba nimeweka. Usikubali mtu akutie maji ya kitunguu.

Uliniomba ninyamaze lakini ugonjwa haufichwi. Nimemwandikia mama awe anakuita kwa sauti. Kaka nimemwambia asikufokee ukiitwa usiitike. Miaka yote hii tulidhani ni kiburi, kumbe ni maradhi. Utusamehe.

Pole sana shemeji.
Dastani


Mnyambe
2 Mei 1992

Shemeji,

Mimi si kiziwi. Masikio ni yale ya kuvaa kichwani, ya redio, yale meusi ya misheni ambayo wewe mwenyewe ulikuwa unayaita vikombe vya chai. Humu ndani kila mtu anaita masikio. Umekaa mjini mpaka umesahau lugha ya nyumbani kwenu.

Sasa angalia ulichonifanyia. Mama mkwe ananisalimu kwa kelele mpaka kuku wanatawanyika. Jumapili kanisani mzee mmoja amenisogeza benchi la mbele, akaniambia kwa ishara za mikono kwamba nitasikia vizuri. Nikikataa wanatikisa vichwa, wanasema ndivyo wagonjwa wa masikio walivyo.

Matone yako nimempa mbuzi mwenye jicho bovu. Mimi nitafutie ya redio, mazito, yanayofunika.

Na kiburi changu ni kiburi, usikigeuze ugonjwa.
Severina


Masasi
15 Mei 1992

Shemeji, shikamoo,

Nimecheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Hizo zinaitwa hedifoni. Ungesema hedifoni. Mama nimemwandikia tena lakini haamini, anasema unaficha.

Haya, shida yako imekwisha. Nakutumia za kisasa kabisa, nimezishusha wiki hii. Nyepesi kama bua, sponji zake rangi ya chungwa, zinakunjwa zinaingia mfukoni. Vijana wa hapa wanapita nazo stendi shingoni bila hata redio. Yale makombe ya misheni wape watoto wachezee.

Tena nina wazo. Nimenunua redio ya milango miwili, unatia kanda huku, nyingine inazaliwa kule. Watu wamechoka na miziki ya Dar es Salaam, wanataka ngoma za kwao. Wewe una mkono wa kurekodi tangu enzi za kwaya. Nasa ngoma za huko juu, mimi nitazizalisha na kuzipiga hapa stendi kwa spika kubwa. Tusilale, wakati wenyewe ndio huu.

Isabela atapanda huko mwezi wa saba. Mama yake anataka achezwe kwao Mnyambe, mimi sina neno.

Dastani


Mnyambe
24 Mei 1992

Leonia mdogo wangu,

Hii nayo itie jikoni.

Dastani ameleta hedifoni za sponji. Sitazisema vibaya kwenye sauti, nilisikia mpaka Bibi anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Wiki nzima nilikaa nazo barazani kila jioni, nikashika nyimbo nne.

Jana shemeji yako Bartholomayo alikuwa anaziba pancha uani. Akaanza kupiga mluzi. Leonia, ulikuwa wimbo wa Bibi. Kiitikio chote, na pale sauti inaposhuka akashuka nayo. Nikamwuliza ameutoa wapi. Akasema, "Si masikioni kwako. Hizo za chungwa zinavuja, mtu akikaa hapa ni kama redio ya jirani. Sauti tamu, ila maneno siyapati. Ni wimbo gani?" Nikamwambia ni kwaya.

Naogopa. Maneno hakuyapata, lakini mwanamume amesikia. Bibi akijua anavunja kanda, na yeye mwenyewe hana tena pumzi ya kuimba upya. Nimerudia yale ya zamani, naliminya sikio la kulia kwa kidole mpaka mkono unakufa ganzi. Shambani siwezi kwenda kujificha, wanaume wanapulizia salfa, kila mkorosho una mtu chini yake.

Niambie unafikirije.
Severina


Lulindi
29 Mei 1992

Dada Severina, shikamoo.

Barua zote mbili nimezichoma. Bibi usimwambie, anaumwa, utamwongezea ugonjwa. Lakini acha kumzungusha Dastani kwa mafumbo, ndiyo maana anakuletea takataka. Mwambie waziwazi ni mambo ya wanawake. Baba yetu akilisikia neno hilo alikuwa anachukua kofia anatoka, hata kama chai iko mezani.

Mdogo wako,
Leonia


Mnyambe
31 Mei 1992

Shemeji,

Za chungwa nakurudishia. Zinavuja. Wauzie hao wa stendi wasiokuwa na redio.

Ninataka za kuziba. Zizibe sikio lote, aliyekaa ubavuni kwangu asisikie hata chembe. Ninachosikiliza ni mambo ya wanawake, na hapo ukome kuuliza. Ngoma za kuuza sinazo. Hilo pia usirudie.

Nina haraka. Mwezi wa saba si mbali.
Severina


Masasi
9 Juni 1992

Shemeji, shikamoo,

Nimezipata, na safari hii utanishukuru. Nilimwambia jamaa mmoja nataka masikio ya kuziba kabisa, akaingia ndani akatoka na hizi. Alikuwa kiwanda cha korosho kabla hakijafungwa, anasema walikuwa wakivaa hizi mashine zikiunguruma na hawasikii kitu. Nimezijaribu dukani. Mke wangu kaniita chakula, kaniita tena, mwisho kala peke yake. Hizo ndizo za kuziba. Waya haukuwemo, jamaa kasema fundi yeyote ataunga.

Mambo ya wanawake nimeelewa, siulizi. Ila nashangaa tu, mambo ya wanawake kwenye kaseti?

Dastani


Mnyambe
14 Juni 1992

Shemeji,

Hazina waya kwa sababu hazina spika. Nimezifungua, ndani mna sponji na hewa. Ni za kuzuia kelele. Ulianza kwa kunitangaza kiziwi, sasa umeniletea za kunifanya niwe kweli. Kaka yako amezichukua, anazivaa mama akianza kusema.

Bibi Shakila tumemzika Alhamisi. Mpaka siku za mwisho aliniuliza nimefika wapi, na nilikuwa sijafika. Sikio la kulia nalo limekata wakati wa matanga. Nimelifungua, nimeunga waya kwa moto wa mkaa, halina uhai. Yale masikio nimeyaweka juu ya kabati na nimeyalilia, usicheke.

Sasa sina kitu cha kusikilizia. Nakuomba, na leo bila utani.
Severina


Masasi
20 Juni 1992

Shemeji, shikamoo, na poleni sana na msiba.

Safari hii nimekwenda na fundi. Tumepata moja tu, mtumba lakini imara. Nyeusi, kubwa, ngozi yake laini, inakumbatia sikio lote. Nimeivaa nikafungulia redio mpaka mwisho, mke wangu kakaa ubavuni hakusikia hata mkwaruzo. Ukiiona utasema imetengenezwa kwa ajili yako. Nimeificha chini ya kaunta, watu wameshaiulizia.

Lakini tuongee. Kaka alishuka huku Jumanne kufuata salfa. Alikuwa anangoja gari mbele ya duka, akaanza kupiga mluzi wimbo fulani. Watu walisimama, shemeji. Dereva wa lori akaniuliza kama kanda yake ninayo. Nikamwuliza kaka ni wimbo gani, akasema, "Ni kwaya ya mke wangu, anausikiliza kila jioni." Mimi si mtoto. Kwaya haifichwi.

Nisikilize. Zamani mambo yalifichwa kwa sababu kila kitu kilikuwa kinafichwa, hata sukari. Siku hizi ni ruksa. Nipe kanda moja nizalishe, hedifoni hizi ni zako, sitaki hata shukrani. Wazee wetu watasikika mpaka Mtwara. Bibi mwenyewe ameshatangulia, nani atalalamika?

Dastani


Mnyambe
24 Juni 1992

Dastani,

Leo shemeji sikuiti.

Umeuliza nani atalalamika. Mimi. Nimeolewa humu kwenu, nimewapikia, nimewazikia, sijawahi kumpandishia sauti mtu wa nyumba hii ila wewe, na leo naipandisha.

Unasema zamani mambo yalifichwa. Sukari iliyofichwa ilifichwa na mwenye duka, ndiyo, mwenye duka kama wewe. Nyimbo hizi hazikufichwa na mtu. Kila msichana wa Mnyambe amepewa, tajiri kwa maskini, Mwislamu kwa Mkristo. Mama yako amepewa. Mke wako amepewa, muulize. Wewe peke yako ndiye hukupewa, kwa sababu si zako, na jando lako sisi hatukuuliza ulifundishwa nini huko porini.

Bibi Shakila alikubali sauti yake iingie kwenye kanda kwa sababu nilimwonyesha kwamba itanong'ona. Nilimpa neno langu. Amekufa, neno bado ni langu.

Sasa nikueleze mahali ulipokaa, maana naona hujui. Nyimbo zote ninazo kichwani isipokuwa mmoja, ule wa kumtoa mwali nje. Ubeti wa katikati sikuwahi kuushika, sikio lilikata hapo. Makungwi waliobaki wote wanaujua nusu. Mwali wa kwanza kutolewa mwezi wa saba ni Isabela wako.

Ukinipa hizo hedifoni kama mtu anavyompa shemeji yake, mtoto wako ataimbiwa wimbo wote. Usiponipa, ataimbiwa nusu, na wanawake wakiuliza nusu nyingine iko wapi, nitawajibu iko Masasi, chini ya kaunta ya baba yake. Na kama ningekupa kanda, angeimbiwa wote, kisha angeshuka kwenye basi hapo stendi akute wapiga debe wanauchezea huku wanatafuna mandazi, na aone haya kwa kitu tulichompa ili asione haya.

Tangu Aprili mwenye kuchagua hedifoni ni mimi. Hizi zinavuja, hizi hazina spika. Sasa chagua wewe.

Kanda hupati. Hata ukinunua redio ya milango saba.

Severina


Masasi
30 Juni 1992

Shemeji Mama Safari,

Shikamoo.

Isabela anapanda kesho na mama yake kwa basi la asubuhi. Kwenye begi, chini ya khanga, kuna kifurushi. Ni chako. Kanda usilete.

Nilimfuata mke wangu jikoni nikampigia ule mluzi wa kaka, nikamwuliza anaujua? Aliweka mwiko chini akalia, kisha akahamia kulala chumba cha mtoto. Mpaka leo tunasemeshana kwa habari za chumvi tu. Nimeishi naye miaka kumi na tano na sikujua kama kuna mahali naweza kumgusa akaumia hivyo.

Kaka nimemwandikia aache ule wimbo. Ameniuliza kwa nini, nimemwambia hata mimi sijui. Ni kweli sijui, na sitauliza.

Ukiacha kuniita Dastani nitafurahi.

Dastani


Mnyambe
26 Julai 1992

Shemeji Baba Isabela,

Marahaba.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi, na kazi imekwisha salama. Mtoto wako hakukuaibisha. Zaidi ya hapo hupewi.

Najua unangoja nizisifu hedifoni. Zinaziba, hilo sina ubishi nalo. Ni nzito, zinatoa jasho, na pale sauti inaposhuka chini kabisa yale masikio yangu ya misheni yalikuwa yanaitoa vizuri kuliko hizi, kwa hiyo usiende kumwambia mtu kwamba umeniletea bora duniani. Umeniletea zinazofaa. Yale ya zamani yako palepale juu ya kabati na hakuna mtoto atakayeyachezea.

Siku ya kwanza nilipozivaa, kabla ya wimbo, nilimsikia Bibi akikohoa karibu kabisa na shingo yangu. Niligeuka kumshika mgongo. Nilipoona sipo naye nilikaa chini nikalia mpaka kanda ikafika mwisho yenyewe, ikabidi nianze upya. Ubeti wa katikati niliupata siku ile. Kumbe sikuwa nimekosa maneno mengi, ni mistari miwili, lakini bila hiyo mwali anatoka nje hajaambiwa kwa nini ametolewa.

Mkeo naye aliimba. Alisimama nyuma yangu, na penye ile mistari miwili nilisikia sauti yake juu ya zote. Akirudi huko usimpigie mluzi.

Jana Isabela aliomba kusikia. Ni haki yake sasa, mmoja mmoja, ndivyo ilivyoagizwa. Nikamkalisha barazani nikamvalisha. Kaka yako akaja na korosho zake za kubangua, akaketi kwenye mkeka uleule, bega kwa bega na mtoto. Niliacha kupepeta nikawatazama. Kanda ilizunguka upande mzima. Bartholomayo alibangua, akatafuna, akatazama barabarani. Alikuwa hasikii kitu. Mwisho akaona mtoto anatikisa kichwa na midomo inamcheza, uvumilivu ukamshinda, akamgusa goti.

"Mwanangu, unasikiliza nini?"

Isabela akabonyeza kitufe kwanza, kanda ikasimama. Ndipo akazivua, akamtazama vizuri.

"Baba mkubwa," akasema, "haya hayakuhusu."

Akazivaa tena.

Shemeji yako,
Severina